Nguo Zisizogawiwa

Uchindile,
4 Februari 2024

Baba mkwe,

Shikamoo. Na mama Restituta naomba umfikishie shikamoo yake. Sisi huku wazima, ila baridi inatutafuna. Edna ameanza darasa la kwanza. Anaandika jina lake vizuri, na la marehemu baba yake pia, isipokuwa ile "w" anaigeuza inakuwa "m", basi kila mahali ukutani ni Osmard, Osmard. Nimemwacha hivyo hivyo.

Mimi bado nipo kwenye bustani ya miche ya shamba la miti, tunajaza udongo kwenye viriba. Barua hii nampa Ester, yule mama wa ndizi anayepanda treni hapa na kushuka Mngeta. Simu nimejaribu. Hapa mtandao mpaka upande mlimani, na nikikupata unaniambia mambo ya kilio hayasemwi kwenye simu. Haya, naandika.

Baba, ifikapo Agosti Osward atatimiza miaka mitatu ardhini, na kilio chake hakijamalizwa. Mila unazijua kuliko mimi. Nguo za marehemu zisipogawiwa, mke wake anabaki mjane wa kukaa chini. Hawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma. Naomba ukoo ukae kiangazi hiki, mpunga ukishavunwa. Nguo zake za jeshi kama zina ugumu, zirudishwe jeshini. Yapo mashati yake, suruali zake na lile koti la harusi. Hayo yanatosha kugawa.

Sikuandika kwa kukosa adabu. Nimeandika kwa sababu nimechoka kukaa chini.

Mkamwana wako,
Paulina

Mngeta,
3 Machi 2024

Mama Edna,

Marahaba. Mama yako anakusalimu, mguu wake umeanza kuvimba tena, anapaka majani ya jirani kwa sababu hospitali ya Ifakara anaiona mbali kama Ulaya. Mpunga umetoa masuke. Ng'ombe wa wafugaji wamepita shamba la bondeni wakala kipande kizima. Mwenyekiti alikuja, akatikisa kichwa, akaondoka. Kutikisa kichwa ndiyo kazi tuliyomchagulia.

Barua yako nimeisoma. Nikuambie kwanza kwamba kombati iko salama. Ilitaka kuharibika. Nilikuwa nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni nikidhani nailoni inazuia unyevu, kumbe inaufuga. Mwezi wa kwanza nilipofungua sanduku nikakuta ukungu mweupe kwapani na kwenye kola. Nimeufuta, nimeianika juani, na sasa nimeilaza juu ya majani makavu ya mwarobaini. Mende wamehama, wamekwenda kwa mama yako jikoni. Bereti nimeitia gazeti ndani isibonyee. Buti nimezipaka mafuta ya taa kidogo.

Nishani ndiyo imenitia huzuni. Ilianza kufifia, nikaisugua kwa majivu na limau. Rangi ya dhahabu ikatoka upande mmoja, chini yake kumbe ni chuma chekundu tu. Mama yako alisema, "Baba Osward, hiyo siyo sufuria." Nikamwambia anyamaze. Hajakosea, lakini nilimwambia anyamaze. Utepe wake nao umepata doa la limau. Wewe ulikaa kambini na mwanangu, lazima uliona wenzake wanavyotunza vitu hivi. Niandikie.

Kuhusu kilio: kombati ni mali ya serikali, haigawiwi kwa raia. Kuirudisha sitairudisha. Mwaka jana walipotangaza kwamba raia wenye nguo za jeshi wazisalimishe, jirani yangu alichoma hata kofia ya mabaka aliyonunua mnadani. Mimi nilikaa na sanduku langu. Waje. Na kilio hakimalizwi nusu, mashati leo na kombati mwaka ujao. Tungoje.

Mpe Edna busu la babu.

Fridolin

Uchindile,
24 Machi 2024

Baba,

Shikamoo. Pole kwa mpunga, na pole kwa mguu wa mama. Ule uvimbe usichezewe na majani, tafadhali mpandishe hata bodaboda mpaka Ifakara. Edna ana kikohozi ila anacheza.

Umeniuliza ya nishani. Kambini Osward alikuwa anafuta chuma kwa kitambaa laini kikavu, basi. Hakuna majivu, hakuna limau, wala dawa ya viatu. Rangi iliyotoka imetoka, usiisugue tena ukitafuta iliyobaki. Utepe usiufue. Ukunje ndani ya kipande cha kanga kuukuu ya pamba, si nailoni. Nishani iweke ndani ya kopo lenye mchele uliokaushwa vizuri, mchele unanyonya unyevu. Lakini andika juu ya kopo, mama asije akaupika.

Kombati usiianike juani. Jua linakula rangi. Itundike kivulini penye upepo, halafu uikunje kila mara mahali tofauti, maana ikikunjwa pale pale kitambaa kinakatika. Buti ondoa mafuta ya taa, yanapasua ngozi.

Sasa, baba, nimejibu yako yote. Wewe langu hukulijibu. Umeandika ukurasa mzima wa ukungu na mende, na kilio umekipa mistari mitatu. Mimi nina miaka ishirini na tisa. Kuna watu wananiuliza maswali na sina cha kuwajibu. Kuna mambo yangu yanangoja, na mengine hayajui kungoja.

Kama kuna sababu nyingine, niambie. Kuuliza si ujinga.

Paulina

Mngeta,
2 Juni 2024

Mama Edna,

Barua yako ilikaa Mlimba siku nyingi. Reli ilikuwa imemomonyoka na treni haikupita, Ester akauza ndizi zake huko huko. Usidhani nilinyamaza kwa makusudi.

Maji yalitupata. Mto ulitoka njia yake ukaja kulala nasi. Nilisikia kuku wanapiga kelele, nikashusha mguu kitandani, nikakanyaga maji. Nilibeba sanduku la Osward kichwani mpaka kwenye tuta la reli. Nililitanguliza. Mama yako alikuwa amesimama juu ya kitanda na ule mguu wake, ananiita kwa jina langu la ubatizo, jambo ambalo hajafanya tangu tuoane, nami nikapita na sanduku. Nilirudi kumchukua maji yakiwa yamefika kiunoni. Yuko salama. Lakini hanisemeshi. Ananitengea ugali kama anayemtengea mgeni asiyemjua. Mpunga karibu wote umeoza.

Kombati haikulowa. Nimeitundika kivulini kama ulivyosema, na buti nimezifuta. Majirani wanapita wanatazama, mmoja kaniuliza kama nafungua kambi.

Nina maswali mawili. Nijibu bila kuzunguka.

La kwanza: Osward alivaa buti namba ngapi?

La pili: wewe ulikuwa kambini jeneza lilipoletwa kutoka huko walikokuwa wanalinda amani. Lilipofika hapa kwetu lilikuwa limefungwa na tuliambiwa lisifunguliwe. Siku ile ya maziko mama yako alikushika mikono yote miwili akakuuliza kama ulimwona. Ulisema hapana, hata kule hawakulifungua. Nakuuliza tena mimi, baba yake. Hawakulifungua?

Fridolin

Uchindile,
16 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Poleni sana na maji. Nimelia niliposoma ya mama. Sina nafasi ya kukufundisha, wewe ni mzazi, lakini mwombe radhi. Sanduku lisingekufa.

Edna amepona kikohozi. Ninawatumia kwa Ester maharage na blanketi moja.

Osward alivaa namba saba. Miguu yake ilikuwa midogo, unajua mwenyewe, tulikuwa tunamtania.

Hilo la pili, baba, nilishalijibu siku ile. Nakuomba tusilifukue. Mwachie Mungu.

Juni inakwisha. Mavuno ndiyo hayo yameoza, basi pombe ya kilio na iwe ndogo, hata togwa peke yake. Watu wataelewa. Nakuomba kwa magoti yote mawili mpange siku.

Paulina

Mngeta,
14 Julai 2024

Paulina,

Sikusalimu.

Ester hakuja na maharage peke yake. Alikaa hapa barazani, akanywa maji yangu, akamwambia mama yako kwamba mkwewe ana tumbo, na kwamba mwenye tumbo ni mkata magogo anaitwa Nickolaus. Mama yako akaja kunisemesha, kwa mara ya kwanza tangu mafuriko, na hilo ndilo alilokuja nalo. Lisemwalo lipo. Sasa nayajua hayo mambo yako yasiyojua kungoja. Msiba wa kujitakia hauna kilio.

Unataka sababu? Chukua.

Buti zilizo kwenye sanduku ni namba tisa. Nilizitia mguu wangu siku ile ile tulipoletewa, nyumba ilipotulia, nikaona kisigino kinaelea. Nikaitoa kombati. Mikono yake ni mirefu, mwanangu angeikunja mara mbili. Kifuani, juu ya mfuko, pameshonwa jina. Si Osward, wala si jina la ukoo wangu. Ni MAYUNGA.

Miaka yote hii nimekaa nafuta ukungu kwenye nguo ya Msukuma, na ng'ombe wa Wasukuma wanakula mpunga wangu. Watu wakijua watanicheka mpaka Ifakara. Sikumwambia yeyote, hata mama yako. Jina nimelibandika kipande cha plasta juu yake, ukitazama kwa mbali unadhani ni kiraka.

Unadhani naitunza kwa mapenzi ya nguo? Naitunza kwa sababu ni ushahidi. Walioniletea nguo za mtu mwingine watakuwa wameniletea na maiti ya mtu mwingine. Nani aliona? Wewe ulisema jeneza halikufunguliwa. Nimemzika nani hapa nyuma ya nyumba yangu sijui, Mungu amrehemu, lakini Osward yuko mahali. Labda ametekwa, labda amepoteza kumbukumbu, hayo yanatokea. Siku atakayorudi nitamfungulia sanduku nimwonyeshe kwamba baba yake hakudanganyika.

Kilio cha mtu aliye hai hakimalizwi. Na wewe ni mke wa mtu. Huyo mtoto uliyembeba anazaliwa ndani ya ndoa ya mwanangu. Ataitwa kwa ukoo wangu, na akiacha ziwa atakuja kulelewa hapa. Huyo mkata magogo mwambie akakate magogo.

Fridolin

Uchindile,
28 Julai 2024

Baba,

Shikamoo, hata kama hutaiitikia.

Ester hakudanganya. Mimba ina miezi sita. Nickolaus ananitaka kwa heshima na amejitambulisha kwa dada yangu. Wazazi wake wanasema hawapokei mwanamke mwenye kilio cha mume mwingine mgongoni, na mtoto wakimpokea watakuwa wameiba mtoto wa marehemu. Hawana kosa, ndivyo tulivyolelewa sote. Nilikuwa nangoja umalize kilio ndipo nikuambie kwa mdomo wangu. Nilikuogopa. Na nilikuonea aibu.

Sasa nakaa kuandika jambo ambalo niliapa nitakufa nalo. Kaa chini, baba. Kama mama yuko karibu, usisome hapo.

Mayunga ni mwenzake Osward. Walilala chumba kimoja tangu mafunzo, wakaenda huko pamoja, na siku ile walikuwa doria moja. Gari la Osward liliungua. Vitu vyake vyote vilikuwa ndani ya gari. Nguo aliyokuwa nayo mwilini haikuwa ya kumrudishia mzazi. Kilichokuwa kimebaki kwenye kitanda chake ni bereti tu. Nishani ni yake kweli, jina lake lilisomwa nikiwa nimesimama pale. Mayunga alisema hawezi kuona sanduku la rafiki yake linakwenda kwa baba yake likiwa na kofia peke yake, kwa hiyo akavua kombati yake nzuri na buti zake mpya akazikunja mwenyewe akaziweka. Aliporudi nchini alikuja kunisalimia kambini kabla sijafunga virago, akaniambia, "Shemeji, mzee asifungue akakuta upepo." Jina hakuling'oa. Labda alisahau, labda hakuwa na moyo wa kuchukua wembe. Nilidhani uliliona ukanyamaza kwa kumheshimu, nami nikanyamaza.

Nguo si ushahidi, baba. Ni zawadi.

Na jeneza walilifungua. Walimtaka mke athibitishe. Niliingia mimi, ofisa mmoja na padre. Padre alinishika bega akasema si lazima nitazame juu, kwa sababu juu hapakuwa na kitu cha kumtambulisha mtu. Nilitazama. Uso haukuwepo. Nilisema simjui huyu, sikutaka kumjua, nilitaka iwe kama unavyotaka wewe sasa hivi, kwamba wamekosea mtu. Nikawaambia kwa sauti wamekosea mtu. Ofisa hakubishana nami. Alifunua shuka upande wa chini.

Mguu wa kushoto ulikuwa mzima. Kidole cha pili na cha tatu vimeungana kwa ngozi mpaka karibu na kucha. Kama vyako, baba. Kama vya Edna.

Nilimshika huo mguu. Ulikuwa baridi kama kitu cha jokofuni. Nilitia saini.

Siku ya maziko mama aliponishika mikono na kuniuliza, nilimwangalia usoni nikaona kwamba nikisema nimemwona, swali linalofuata ni alikuwaje. Ndiyo maana nilisema hawakulifungua. Nilidhani nawafunika msipigwe na baridi. Sikujua kwamba ninakuachia mlango wazi, na kwamba utakaa mlangoni miaka mitatu.

Huyo uliyemzika nyuma ya nyumba ni Osward. Hana siku atakayorudi.

Nisamehe. Lakini niachie.

Paulina

Mngeta,
8 Septemba 2024

Paulina, mwanangu,

Marahaba.

Barua yako niliisomea shambani, kwenye kibanda cha kulindia ndege. Nilipoimaliza nilivua kandambili nikakaa naangalia mguu wangu. Jua lilizama nikiwa pale. Mama yako alidhani nimeanguka, akamtuma mtu kunitafuta.

Sikukuandikia mapema. Nilikuwa na hasira na wewe, halafu na huyo ofisa aliyefunua shuka, halafu na Mungu, na Mungu ndiye niliyekaa naye muda mrefu. Nilikwenda kaburini. Tangu azikwe sikuwahi kulipalilia, nilikuwa namwachia mama yako, kwa vile niliamini si wetu. Nimelipalilia. Nimemwomba radhi mwanangu kwamba alilala hapo peke yake na mimi nikiwa nyumbani natundika nguo.

Kilio tumekimaliza Jumamosi iliyopita. Ilikuwa togwa tu, na pombe kidogo iliyotoka kwa watani. Mashati wamegawana wadogo zake, koti la harusi amechukua binamu yake wa Mahenge. Umetajwa mbele ya ukoo wote, na mimi ndiye niliyesimama kusema. Nimesema Paulina ametukalia kilio kwa adabu, tumemwinua, aende anakotaka. Mtu mmoja aliuliza habari ya tumbo. Nimemjibu kwamba mtoto ana baba, anaitwa Nickolaus, na asiulize tena. Kwa hiyo wakwe zako wapya waambie hawaibi kitu cha mtu.

Kombati na buti nimezipeleka Ifakara kwa mshauri wa mgambo. Plasta nimeibandua kwanza. Mshauri huyo alishangaa, akasema hajapata kuona nguo iliyokaa miaka mitatu bondeni huku ikiwa haina hata doa. Nimemwomba anitafutie Mayunga aliko, nimsalimu. Nitaanzaje kumwandikia sijui, lakini nitaandika. Nishani nimemwekea Edna, imetoka rangi hivyo hivyo, ataichukua akikua.

Jambo la mwisho, na ndilo lililonifanya nimwombe Ester asubiri barua hii.

Usiku wa kilio mama yako aliniuliza kwa nini nimekubali ghafla, mimi niliyekuwa mgumu. Akaniuliza nimejuaje kwamba ndiye. Nimemwambia uliniandikia kwamba ulimwona. Kisha akauliza lile ulilokuwa unaliogopa. Nimemwambia uso wake ulikuwa mzima. Nimesema alikuwa amefumba macho, amenyolewa vizuri, na padre alimpangusa paji la uso. Alilia mpaka alfajiri, halafu akaomba uji, akanywa bakuli zima.

Atakuuliza siku mtakayoonana. Mwambie hivyo hivyo. Usipunguze wala usiongeze, tusije tukapishana.

Baba yako,
Fridolin